Siku Wubit Alipozima Simu

Saa tisa na nusu alasiri Mama Tiruwork alikuwa mzima kabisa. Alikuwa amekaa kitandani na mito mitatu mgongoni, shingo imezungushiwa bandeji nyeupe, anamsumbua nesi amletee kioo.

"Nataka kuiona shingo yangu," alinong'ona kwa sauti iliyokwaruza. "Miaka ishirini na mbili sijaiona."

"Mama, usiongee," Dokta Wubit alimwambia huku akipapasa kingo za bandeji. "Shingo haiendi popote. Kesho utaiona."

"Mwanamke huyu anapenda kuamrisha. Mwanangu analijua hilo?"

"Analijua."

"Na bado anakutaka?"

Wubit aliendelea na bandeji. Leul, mwana mwenyewe, aliyekuwa amesimama upande wa miguuni, aligeukia dirisha na kuuma midomo asicheke. Sista Mulu, nesi wa zamu, msichana mwembamba mwenye mwaka mmoja tu kazini, alijifanya anahesabu vidonge.

Mwezi mmoja nyuma hakuna ambaye angeamini kwamba mama huyu angeweza kutaniana na Wubit. Leul alipompeleka nyumbani mara ya kwanza, Mama Tiruwork alimpa maji ya kunawa, akampa mkate wa injera, akampa kahawa, kisha akamwambia mwanawe mbele ya mgeni mwenyewe: "Amekuzidi miaka minne, ameshaachika mara moja, na kazi yake ni kuchana watu. Mji mzima wa Bahir Dar huu, hukuona mwingine?" Leul, daktari wa mifugo anayeshinda mazizini na ng'ombe, alimjibu kwamba mwingine hakumwona. Mama alinuna majuma matatu. Juma la nne alipanda bajaji peke yake, akaenda mpaka Hospitali ya Arsema, akapanga foleni kama watu wengine, na alipofika mbele ya Wubit akafungua shuka lake na kumwonyesha tezi lililokuwa limening'inia shingoni kama papai.

"Ukitaka kunichukulia mwanangu," alisema, "kwanza nichukulie hili."

Dokta Dagnachew, mkuu wa upasuaji, mzee aliyemfundisha Wubit kushika kisu, alimwonya. "Mama wa mchumba wako? Niachie mimi." Lakini mgonjwa alikataa katakata kuguswa na mtu mwingine. Basi asubuhi ya siku hii, kuanzia saa mbili hadi saa tano, Wubit alilitoa lile tezi polepole, mshipa kwa mshipa, na alipomaliza hata Dagnachew aliyekuwa akichungulia mlangoni alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Sasa kila kitu kilikuwa kimetulia. Wubit alimwonyesha Sista Mulu sinia dogo lililokuwa juu ya kabati la kitanda, lenye kisu na mkasi.

"Pumzi ikimbana, shingo ikivimba, unaita. Na nisipofika mara moja, unakata nyuzi za mshono mwenyewe, damu itoke. Sawa?"

"Sawa, Dokta."

Walipotoka kwenye ukumbi, Leul alimshika kiwiko.

"Umekunywa kahawa leo?"

"Sijanywa hata maji."

"Pale ng'ambo. Dakika ishirini."

"Niko zamu, Leul."

"Hospitali ni hapo tu, ukipiga chafya wanakusikia." Alimtazama kwa yale macho yake makubwa ya upole, macho ambayo Wubit alikuwa akiyawaza hata akiwa amevaa barakoa mbele ya tumbo la mtu. "Miaka mitatu, Wubit. Sijawahi kukaa na wewe mpaka kikombe cha tatu, kile cha baraka. Kila mara simu inalia kwenye kikombe cha kwanza, na wewe huyoo. Leo mama amekukubali. Nipe vikombe vitatu bila hospitali. Izime hiyo simu."

Angeweza kukataa. Baadaye alilirudia jambo hilo mara nyingi sana kichwani. Wakati ule alichohisi ni furaha tu, furaha ya kitoto ya mtu aliyefaulu mtihani. Akaitoa simu mfukoni, akabonyeza mpaka kioo kikawa cheusi.

"Dakika ishirini," alisema.

Mwanamke wa mgahawani alikuwa akikaanga buni kwenye jiko. Walikaa kwenye vigoda vifupi, magoti yao yakigusana. Kwenye kikombe cha kwanza walizungumzia nyumba. Kwenye cha pili walibishana kuhusu harusi, yeye akitaka watu hamsini, Leul akisema hamsini ni ukoo wa mama peke yake na bado hajaanza kuhesabu wenye ng'ombe.

"Utawaalika wenye ng'ombe?"

"Na ng'ombe wenyewe. Wagonjwa wangu hawajawahi kunilalamikia."

Wubit alicheka mpaka akafunika uso kwa kiganja. Leul akaushika mkono ule, akautoa usoni polepole, akautazama kama mtu anayesoma kitu. "Mkono huu," alisema, na hakumalizia. Wakanywa kikombe cha tatu.

Wubit aliiwasha simu akiwa anavuka barabara. Ilitetemeka mkononi mwake bila kukoma. Sista Mulu. Sista Mulu. Sista Mulu. Mara saba.

Alimwacha Leul katikati ya barabara. Alikimbia.

Mama Tiruwork alikuwa bado amekaa, lakini si kukaa kwa mtu anayesubiri kioo. Mikono yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania vyuma vya kitanda. Midomo ilikuwa ya majivu, macho yametoka, na kila alipojaribu kuvuta pumzi kifua kilitoa mlio mwembamba kama mlango usiotiwa mafuta. Chini ya bandeji shingo ilikuwa imevimba upya, kubwa karibu kama zamani. Sista Mulu alikuwa ameshikilia barakoa ya oksijeni.

"Nilikupigia, Dokta. Daktari mwenzako wa zamu yuko wodi ya wazazi, kuna mama anavuja damu, nilikupigia, nilikupigia..."

Wubit alikwishalichukua sinia. Alipasua bandeji, akakata nyuzi za ngozi, akakata za ndani, na damu iliyoganda ikamwagika kifuani pa mgonjwa. Alingoja ile pumzi kubwa ambayo huja pale shingo inapofunguliwa. Aliwahi kuisikia kwa wagonjwa wawili maishani mwake, na hakuna sauti tamu kama hiyo.

Haikuja. Mikono ya Mama Tiruwork ikaachia vyuma.

Akamlaza, akaingiza bomba kooni, akapanda kitandani kwa magoti na kuanza kukandamiza kifua. Alihesabu kwa sauti. Kulikuwa na watu wengine chumbani sasa, wakimpa hiki na kile, hakuwaona nyuso. Akaendelea kuhesabu. Nywele zilikuwa zimemfunguka na jasho likimdondoka kidevuni, mpaka mkono wa kizee ulipotua begani kwake.

"Wubit," Dokta Dagnachew alisema. "Inatosha."

"Bado."

"Nusu saa imepita, binti yangu. Inatosha."

Alishuka kitandani. Alitazama ukutani, saa ilionyesha kumi na moja kasorobo. Hakuamini. Alimtazama mwanamke yule aliyekuwa akimtania alasiri ile ile, akanyoosha mkono kumfunga macho, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Kwenye ukumbi Leul alikuwa amesimama na dada yake Yeshi, ambaye alikuwa amefika wakati huo huo na chombo cha supu ya shayiri. Hawakuwa wameruhusiwa kuingia. Yeshi alimwona Wubit, akaona koti lake, akaona damu.

"Dada Wubit, nini? Anatapika?"

Wubit alikuwa ameshawaambia watu habari hii mara nyingi. Alijua anavyotakiwa kusema: kwa maneno mafupi, bila kuzunguka, ukimtazama mtu machoni. Akafungua mdomo, na kila alichokuwa anakijua kikamtoka kichwani.

"Amefariki," alisema.

Yeshi alicheka kidogo, cheko la mtu aliyesikia vibaya. "Nani?"

"Mama. Damu ilivuja ndani ya shingo. Ikambana pumzi. Nimejaribu, Yeshi. Nimejaribu kila kitu."

Chombo cha supu hakikuanguka. Yeshi aliinama akakiweka sakafuni taratibu, akakisogeza ukutani ili mtu asikikanyage. Kisha akasimama.

"Nimemwacha saa saba anaongea. Alikuwa ananituma nimletee kitana." Sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Nani alikuwa naye?"

"Nesi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Wubit alimtazama Leul. Leul alikuwa ameegemea ukuta, uso umemkauka, macho yamekwama kwenye damu ya mama yake iliyokuwa kwenye koti la mchumba wake. Akageuza uso.

"Ulikuwa wapi, Dokta?" Yeshi aliuliza tena. Alikuwa amemwita dada mwezi mzima. Hakumwita hivyo tena.

Kabla Wubit hajajibu, Dokta Dagnachew alitokea nyuma yake, akawachukua wale ndugu wawili kwa mabega, akawaingiza ofisini kwake na kufunga mlango.

*

Mama Tiruwork alizikwa kesho yake mchana, kanisani kwao. Wubit hakwenda. Dokta Dagnachew alimkataza.

"Kutakuwa na kikao cha kuchunguza kifo hiki Jumatatu," alimwambia. "Mpaka siku hiyo usiseme kitu na mtu wa familia. Si kwa ajili ya hospitali tu, kwa ajili yako. Umeshika kisu miaka tisa. Usikitupe kwa siku moja."

"Simu yangu ilikuwa imezimwa."

Mzee alitazama mlango. "Nani anajua?"

"Mulu anajua kwamba sikupokea. Hajui kwa nini."

"Basi hapo ndipo paishie kwa sasa."

Alhamisi Wubit aliingia chumba cha upasuaji kama kawaida. Mgonjwa alikuwa mkulima mwenye ngiri, kazi ya dakika arobaini, kazi ambayo angeifanya akiwa usingizini. Alinawa, akavaa, akasimama penye nafasi yake. Alipewa kisu. Akakiweka kwenye ngozi, na hapo akabaki.

Haikuwa mikono. Mikono ilikuwa imetulia kama mawe. Alichokuwa nacho ni swali moja lililomjia bila kualikwa: huyu naye ana nani nje? Akaona ukumbi, akaona mke na watoto wameshika vyombo vya chakula, na kisu kikawa kizito kama nyundo.

"Dokta?" mtaalamu wa nusu kaputi aliuliza.

"Mwiteni Dagnachew," alisema.

Mzee alikuja, akanawa, akachukua kisu mkononi mwake bila neno, akamaliza. Baadaye alimkuta amekaa kwenye benchi la kubadilishia viatu, bado na kofia kichwani.

"Mimi aliyenifia alikuwa mtoto," mzee alisema akikaa pembeni yake. "Kidole tumbo. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Kwa miezi mitano nilikuwa napasua huku natapika kabla na baada. Mke wangu alidhani nimeanza pombe. Kumbe kweli nilianza, baadaye."

"Iliisha lini?"

"Kutapika kuliisha."

Mzee alivua kofia yake akaikunja vizuri sana, mara nne, na hakumtazama.

Wubit alipokuwa akitoka alimkuta Sista Mulu nje, kando ya tangi la maji, amevaa nguo za nyumbani na mfuko wa plastiki wenye viatu vyake vya kazini. Alikuwa amesimamishwa kazi. Mjini walikuwa wameshaanza kusema kwamba nesi alikuwa amelala, wengine kwamba alikuwa akichezea simu.

"Mulu, mimi..."

"Nilikishika, Dokta." Msichana alikuwa hajalala, macho yalionyesha. "Kile kisu. Nilikishika mara mbili. Ulinifundisha, nilijua pa kukata. Nikaona vile anavyonitazama, nikasema nikimkata na akafa watasema nimemuua. Nikakirudisha kwenye sinia nikakupigia tena." Alijipangusa pua kwa mkono wa nguo. "Basi wananiadhibu kwa haki. Ila sikulala. Waambie tu kwamba sikulala."

Akaondoka na mfuko wake.

Jioni hiyo Leul alipiga simu. Tangu ukumbini hawakuwa wamesemezana. Wubit aliiacha ilie mara mbili kabla ya kuipokea, maana alikuwa akiogopa kuisikia sauti anayoipenda.

"Umekula?" Leul aliuliza.

"Hapana. Wewe?"

"Watu wananiwekea sahani, wanaondoa sahani." Nyuma yake kulisikika wanawake wakilia, msiba bado mbichi. "Wubit, Yeshi anataka kumshtaki yule nesi."

"Nesi hana kosa."

"Najua."

"Umewaambia?"

Vilio vikafifia; Leul alikuwa amesogea mbali na watu.

"Leul, umewaambia tulikuwa wapi?"

"Nitawaambiaje?" Sauti yake ilipasuka. "Niwaambie mama alikuwa anakosa pumzi na mimi nabishana kuhusu harusi? Niwaambie mimi ndiye niliyekwambia zima? Yeshi hatanitazama tena. Wajomba watanifukuza hapo msibani. Na wewe hutapata kazi popote. Tukae kimya, Wubit. Nakuomba. Itapita."

"Mulu ana miaka ishirini na tatu."

"Najua ana miaka mingapi."

"Ukinyamaza na mimi nikinyamaza, tutaoana kwa mgongo wake. Tutazaa watoto kwa mgongo wake. Utaweza kulala?"

"Sasa hivi siwezi kulala kwa vyovyote," Leul alisema, na simu ikakatika. Wubit hakujua kama imekatika yenyewe au Leul ameikata.

*

Ijumaa asubuhi, siku ya tatu ya msiba, Wubit alivaa gauni jeusi, akajitanda shuka jeupe lenye upindo mweusi, akaenda.

Hema lilikuwa limetandwa mbele ya nyumba, mabenchi yamepangwa pande mbili, wanaume huku, wanawake kule. Wanawake walimwona kwanza. Mazungumzo yalikatika benchi baada ya benchi, kama taa zinavyozimwa, mpaka kukawa kimya kiasi kwamba alisikia hatua zake mwenyewe kwenye mchanga. Yeshi alikuwa amekaa chini, juu ya godoro, kichwa kimenyolewa kwa huzuni, uso umechubuka kwa kucha zake mwenyewe.

"Nani kamruhusu?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Mwacheni," Yeshi alisema. "Nataka kusikia amekuja kusema nini."

Wubit alipiga magoti mbele yake. Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Sasa aliona hana haja nayo.

"Uliniuliza nilikuwa wapi. Sikukujibu. Nimekuja kukujibu." Alivuta pumzi. "Nilikuwa mgahawani ng'ambo ya barabara, nakunywa kahawa. Simu yangu niliizima kwa mkono wangu. Nesi alinipigia mara saba. Hakulala, hakuchezea kitu. Alikuwa peke yake na mama yako, ananipigia mimi nisiyepatikana. Ningekuwa na simu wazi ningefika akiwa bado anapumua vizuri. Labda angepona. Sikwambii hakika, kwa sababu siijui. Lakini labda, na labda hiyo ni yangu. Si ya Mulu."

Mjomba mmoja upande wa wanaume alikuwa amesimama nusu, mkono kwenye fimbo yake.

Yeshi alimtazama kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyepigwa kofi na bado hajasikia maumivu.

"Kahawa," alisema.

"Ndiyo."

"Mama yangu anakata roho na wewe unakunywa kahawa. Na nani?"

Wubit aliinamisha kichwa. Jina hilo halikuwa lake kulitoa. Alikuwa ameamua njiani kwamba hata wakimburuta nje kwa nywele hatalitaja.

"Na nani, Dokta?"

"Na mimi."

Leul alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, hajanyoa, kabuti la baba yake begani. Hakuna aliyekuwa amemwona akitoka. Alitembea katikati ya hema, katikati ya mabenchi yale mawili, na watu wakaondoa miguu kumpisha.

"Mimi ndiye niliyemwita," alisema. "Alikataa, nikambembeleza. Nilimwambia azime simu. Nilimwambia nataka vikombe vitatu." Alimgeukia Yeshi. "Nimekaa hapa siku tatu nawapokea mnaoniambia pole. Nimewaacha mumseme yule nesi. Nilidhani nikinyamaza nitabaki na kitu. Sina kitu."

Yeshi aliinuka. Alikuwa mfupi kuliko kaka yake kwa kichwa kizima. Alimpiga kofi moja, na la pili, na mkono ulipokuwa ukienda la tatu ukaishiwa nguvu hewani, akamshika kifuani kwenye kabuti, akalia kwa sauti ambayo hakuwa ameilia hata kaburini. Leul alimkumbatia. Wubit alibaki amepiga magoti pale chini, hajui ainuke au abaki, hadi kikongwe mmoja aliyekuwa pembeni akamvuta shuka.

"Kaa vizuri, mwanangu," kikongwe alisema. "Magoti yatakuuma."

Alikaa. Hakuna aliyemletea maji na hakuna aliyemfukuza. Baada ya muda mrefu Yeshi aligeuza uso uliovimba.

"Nitakuchukia," alimwambia. "Sijui kwa muda gani. Usinibembeleze."

"Sitakubembeleza."

"Na kabla hujaja tena kwangu, nenda kwa yule msichana."

"Nitakwenda leo."

Alikwenda. Mama yake Mulu alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni bila kumkaribisha ndani, na hilo pia Wubit aliona ni haki.

*

Jumatatu kikao kilikaa. Walikuwa madaktari watano na meza ndefu. Wubit alisoma alichokiandika, tangu saa ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuruka kitu. Alipofika kwenye simu, Dokta Dagnachew alifumba macho. Alipomaliza, mlango ulifunguliwa na Leul akaingia bila kuitwa, akasema aliyokuwa nayo kwa dakika mbili, akatoka.

Waliamua Sista Mulu arudi kazini siku hiyo hiyo. Waliamua kwamba kuanzia sasa daktari wa zamu akitoka nje ya geti lazima amwachie mwenzake wagonjwa kwa jina, na kwamba kila nesi wa wodi afundishwe kukata nyuzi za shingo kwa mkono wake, si kwa maelezo. Wubit alipewa onyo la maandishi na miezi sita ya kupasua akiwa na mtu pembeni. Mafunzo ya manesi wakampa yeye.

"Nilidhani utaomba kuacha," Dagnachew alimwambia walipobaki wawili.

"Nilikuwa na barua mfukoni."

"Bado unayo?"

"Bado. Ila Mulu amenifuata sasa hivi, ameniuliza mafunzo yanaanza lini."

Mzee alimpiga bega mara moja, akaenda zake.

Leul alikuwa akimngoja kwenye ngazi za nje. Walisimama wakiwa wameachana hatua tatu, kama watu wasiofahamiana vizuri. Alikuwa amekonda kwa juma moja. Wubit alitaka kumrekebisha kola ya shati, mkono ukainuka, akaurudisha.

"Bado unanitaka?" Leul aliuliza.

"Kila nikikutazama nasikia ile pumzi yake."

"Hata mimi, nikikutazama, naona koti lile."

"Sasa tutaishije, Leul?"

"Sijui." Alijikuna kidevu kisichonyolewa. "Nimewaza nikuache. Jana kutwa nimewaza hivyo. Halafu nikajiuliza nitampata wapi mwanamke mwingine ambaye nikimwambia namkumbuka mama, atajua ninamaanisha saa gani. Harusi sitaitaja. Siku arobaini zipite, mwaka upite. Mimi nipo tu."

Machozi yalimjia Wubit hapo, mara ya kwanza tangu siku ile. Hakuyafuta. Leul naye hakumsogelea. Alimwacha alie mpaka amalize, amesimama pale pale, akiwakinga kwa mgongo wake wapita njia wasimwone.

"Yeshi anakwenda kaburini sasa hivi," alisema mwishowe. "Nimemwambia nitakuuliza. Amesema njia si yake, anayetaka kupita apite."

Wubit alivua koti jeupe, akampa mlinzi wa geti, akajitanda shuka lake.

Walimkuta Yeshi nyuma ya kanisa, amechutama mbele ya kilima cha udongo kilichokuwa bado kibichi, akichambua mawe madogo na kuyatupa pembeni. Alisikia hatua zao. Hakugeuka. Aliendelea na mawe yake kwa muda, kisha akasogea kidogo upande wa kushoto, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Leul alibaki nyuma. Wubit akaenda, akachutama pale, akaanza kuchambua mawe.